Malazi ya Mabaharia Katika Nyambizi Pampanito

Katika bandari ya San Francisco, nchini Marekani, kwenye gati la 45, imefungwa nyambizi ya zamani iitwayo Pampanito. Iliundwa katika kiwanda cha manowari cha Portsmouth, upande wa mashariki wa nchi hiyo, ikashushwa majini mwezi wa Julai 1943, na kabla ya mwaka kwisha ikakabidhiwa nahodha na mabaharia wake. Ilikwenda vitani mara sita katika Bahari ya Pasifiki na kuzamisha meli sita za Wajapani. Vita vilipokwisha iliwekwa akiba. Kuanzia mwaka 1960 ikatumiwa kufundishia wanamaji wa akiba. Mwaka 1971 ikafutwa katika daftari la manowari. Na mwaka 1982 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Hiyo ndiyo tarehe yake kwa ufupi, na msomaji atakaye habari za mapigano yake atazipata kwingi. Mimi nakusudia kuzungumza juu ya sehemu moja tu ya chombo hicho, nayo ni malazi: vitanda, meko, meza za kulia na vyombo vyake, pamoja na kazi ya watu waliojitolea, kwa zamu zilizopokezana tangu wakati huo, kuyarudisha malazi hayo katika hali yaliyokuwa nayo zamani za vita.

Yaweza kudhaniwa kuwa habari ya vitanda na sufuria ni ndogo mbele ya habari ya topido. Sidhani hivyo. Mtu apakaye rangi ubao wa kitanda na kutandika blanketi juu yake anaandika historia kama aandikavyo mwenye kalamu, na asomwa na watu wengi zaidi kuliko mwenye kalamu. Kwa hiyo yampasa kuulizwa maswali yale yale: umejuaje, umechagua nini, na umeacha nini?

Lugha yetu imekiita chombo hiki nyambizi, kwa mnasaba wa kupiga mbizi, na jina limekaa vema. Kwa sehemu zake za ndani nimeona maneno ya mabaharia wa majahazi yatosha: omo ni mbele, tezi ni nyuma, sitaha ni juu. Ila neno moja la jahazi halina pa kukaa humu, nalo ni feuli. Jahazi lina feuli yake ya kuhifadhia vitu. Nyambizi ya vita haikuwa na anasa ya kutenga ghala mbali na mahali pa kulala. Ilipotoka bandarini kwa safari iliyoweza kupita siku 60, vyakula vilisukumwa kila penye upenyo, na hata mahali pa kuogea pakawa ghala mpaka viazi vilipopungua.

Msomaji na aifikirie bomba ya chuma yenye urefu wa mita 95, ambayo upana wake pale palipo papana kuliko pote haufiki mita 9, na sehemu kubwa ya upana huo ni matangi ya maji na mafuta yaliyoizunguka nje. Ndani yake walikaa maofisa 10 na mabaharia kama 70. Ukianzia tezini, kama waanziavyo wageni wa makumbusho, wakuta chumba cha topido cha nyuma. Kisha chumba cha kuongozea umeme, vyumba viwili vya mitambo ya dizeli, malazi ya mabaharia, meza za chakula na meko, chumba cha simu ya upepo, chumba cha usukani, malazi ya maofisa, na mwisho, omoni, chumba cha topido cha mbele. Malazi ya mabaharia yalikuwa na vitanda 36, vitatu vitatu kwa kupandana. Waliosalia walilala katika vyumba vya topido, juu ya topido na ubavuni mwake, kila moja ikiwa na baruti zaidi ya kilo 250. Na hao wenye vitanda 36 hawakuwa mbali na hatari, maana chini ya sakafu yao zilipangwa betri 126, nusu ya betri zote za chombo. Nusu ya pili ilikuwa chini ya maofisa. Hata hivyo vitanda havikutosha. Wadogo wa cheo walipokezana: aliyetoka zamu alijilaza mahali ambapo joto la mwenzake halijatoka.

Maji matamu yalitengenezwa kwa kuchemsha maji ya bahari, na mdai wake wa kwanza alikuwa betri, wa pili mpishi, na mwanadamu atakaye kuoga alikuja baadaye. Harufu ya dizeli, jasho, tumbaku na vitunguu iliingia katika nguo na kukataa kutoka. Kwa upande mwingine chakula cha nyambizi kilisifiwa kuwa bora kuliko cha manowari nyingine zote za Marekani, na mikate ilichomwa usiku katika meko ambayo watu wawili hawawezi kupishana ndani yake pasipo mmoja kujibana ukutani.

Sasa tazama kazi iliyowakabili wajitoleaji. Mtambo una michoro yake ya kiwanda. Ukiondoa kutu, ukatengeneza kilichovunjika, ukautia mafuta nao ukawaka, mtambo wenyewe umekushuhudia kuwa umefanya sawa. Kwa njia hiyo baadhi ya mitambo ya dizeli ya Pampanito imerudishiwa uhai, na hata chombo chake cha kukokotolea shabaha ya topido, chenye magurudumu na meno mengi ajabu, kimetengenezwa kikafanya kazi. Kitanda hakiwaki. Michoro yaonyesha fremu zake na minyororo iliyokitundika, lakini haisemi godoro lilifunikwa kwa nini, baharia aliweka wapi picha ya mama yake, wala kikombe kilitundikwa ndoana ipi. Mambo hayo yalikuwa desturi, na desturi haichorwi kiwandani.

Shahidi wa kwanza ni rangi. Chombo kilichotumika miaka mingi kimepakwa rangi mara nyingi, na mwenye subira akikwangua kidogo kidogo hukuta tabaka juu ya tabaka, mpaka afikie ile ya wakati anaoutafuta. Shahidi wa pili ni picha, nazo ni chache, maana wakati wa vita kupiga picha ndani ya nyambizi hakukuwa jambo la kila mtu, na aliyepiga alielekeza kamera kwa rafiki zake, si kwa kabati iliyo nyuma yao; mjitoleaji hulazimika kuyatazama mabega ya watu ili apate kuliona kabati. Shahidi wa tatu walikuwa mabaharia wenyewe walipokuwa wangali hai. Mzee alikumbuka kitanda chake kwa hakika ya ajabu, hata bomba lililompiga kichwani kila alipoamka, na hakukumbuka kabisa kitanda cha jirani. Ushahidi wa namna hiyo ni wa thamani kubwa, lakini ni ushahidi wa pembe moja. Hauwi chumba kizima mpaka ukutanishwe na wa wengine. Leo karibu wote wamekufa, na wanaoshika msasa na burashi ni watu waliozaliwa baada ya vita, wengine baada ya chombo kuwa makumbusho.

Vifaa vilivyopotea vilitafutwa katika nyambizi za ukoo mmoja zilizokuwa zikivunjwa kuwa chuma chakavu. Kila makumbusho ya namna hii yana hadithi yake. Huko Cleveland, mathalan, iko nyambizi Cod, iliyofunguliwa kwa wageni mwaka 1976, ambayo haikukatwa mlango wala kutiwa ngazi mpya. Mgeni huteremka kwa ngazi wima kupitia matundu yale yale ya mabaharia. Cod nayo ina habari ya malazi inayostahili kutajwa. Mwezi wa Julai 1945 iliikuta nyambizi ya Uholanzi, O-19, imekwama juu ya mwamba, nayo ikawachukua Waholanzi wote 56, ikalala na watu wake na wageni wake katika vitanda vya chombo kimoja. Nitairudia habari ya aina hii sasa hivi, maana kwa Pampanito ilikuwa nzito zaidi.

Mwenye kutengeneza malazi hawezi kuyarudisha kuwa ya zamani tu, kwa kuwa zamani ni siku nyingi. Nyambizi ilibadilishwa kila iliporudi bandarini kutengenezwa: chombo hiki kiliondolewa, kile kikaongezwa. Hapana budi kuchagua wakati mmoja na kuushika. Wajitoleaji wa Pampanito waliuchagua wakati wa kiangazi cha mwaka 1945, miezi ya mwisho ya vita, na kwa kanuni hiyo kila kilichoingia baada ya hapo, pamoja na vilivyoachwa na miaka ya mafunzo, kilihesabiwa kuwa kigeni. Kwa fundi uchaguzi huu ni mwema, maana ni hali ya mwisho ya chombo kikiwa vitani, na athari zake zimesalia nyingi. Kwa mwanahistoria una taabu yake, nayo ni kwamba siku kubwa za malazi hayo hazikuwa za mwaka 1945. Zilikuwa siku tano za Septemba 1944.

Tarehe 6 Septemba 1944 msafara wa meli za Wajapani ulitoka Singapore kuelekea Japani. Katika meli mbili za msafara huo, Rakuyo Maru na Kachidoki Maru, walitiwa wafungwa wa vita Waingereza na Waaustralia zaidi ya 2,200, mabaki ya watu waliolazimishwa kujenga reli kati ya Thailand na Burma. Meli hazikuwa na alama yoyote ya kuonyesha kuwa zimechukua wafungwa. Nyambizi tatu za Marekani, Growler, Sealion na Pampanito, zilikuwa zikiungoja msafara huo. Tarehe 12, kabla ya mapambazuko, Sealion iliipiga Rakuyo Maru, na usiku uliofuata Pampanito ikaizamisha Kachidoki Maru. Mabaharia wa nyambizi hawakujua ni nani waliokuwa ndani.

Tarehe 15 Septemba, alasiri, Pampanito ikipita tena mahali pale, watu wa zamu waliona vipande vya mbao vina watu juu yake. Walikuwa weusi kwa mafuta yaliyomwagika, hata sura hazikujulikana. Nyambizi ikasogea, askari wakiwa na bunduki mikononi, wakidhani ni Wajapani, mpaka waliposikia watu wale wakiita kwa Kiingereza. Nahodha, Paul Summers, akaamuru waokolewe. Mabaharia wakajitupa majini na kamba, na kwa muda wa saa kama nne, wakikimbizana na giza, wakapandisha watu 73. Sealion ilipoitwa ikapandisha 54, na siku mbili baadaye nyambizi nyingine mbili, Queenfish na Barb, zikapata 32 wa mwisho. Jumla yao ni 159. Baadhi yao walikufa kabla ya kuona nchi kavu. Katika meli zile mbili walipotea wafungwa zaidi ya 1,000.

Rudi sasa ndani ya malazi niliyoyaeleza. Chombo ambacho watu wake wenyewe hawakutoshwa na vitanda kikaongezewa wageni 73, uchi au karibu na uchi, wenye malaria, vidonda na njaa ya miaka miwili na nusu, ambao siku tatu hawakunywa maji. Walisafishwa mafuta sitahani, wakateremshwa mmoja mmoja, wakalazwa katika vitanda vya mabaharia na katika chumba cha topido cha nyuma, kila mahali mwili ungeweza kunyooshwa. Maji walipewa kwa kunyonya kitambaa kilicholowa, kisha wakapewa mchuzi na chai. Mabaharia walitoa nguo zao. Hapakuwa na daktari. Alikuwako mwuguzi mmoja tu wa chombo. Mtu mmoja alikufa njiani akazikwa baharini. Waliobaki waliteremshwa Saipan tarehe 20.

Hapa pana neno linalotuhusu sisi wa pwani hii. Mwezi wa Februari mwaka ule ule meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Ceylon, imechukua askari, miongoni mwao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, na wauguzi wa kike. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga karibu na visiwa vya Maldive, ikazama kwa dakika chache, wakafa watu 1,297. Manowari za Kiingereza zilizoilinda ziliitafuta nyambizi ile chini ya maji mahali pale pale walipokuwa wakielea waliosalimika, nazo zikatupa mabomu yao. Watu wa Mombasa na wa bara yake walikuwa na jamaa katika maji yale. Kwa hiyo mtu wa kwetu aingiapo katika chumba cha topido na kuona milango ya shaba imesuguliwa ikang'aa, si mgeni wa habari hiyo kama anavyoweza kudhaniwa. Naye atafahamu upesi kuliko wengine kuwa kusimama majini ili kuokota watu, katika bahari ya adui, na mchana ungaliko, hakukuwa jambo la kawaida la vita.

Tena malazi yale yalikuwa mahali habari ilipoanza kusemwa. Habari za reli ya Burma zilikuwa zimewafikia Washirika kwa uvumi na vipande vipande. Watu waliolala katika vitanda vya nyambizi walikuwa mashahidi wa macho, na mwezi wa Novemba 1944 serikali za Uingereza na Australia ziliweza kuwatangazia watu wao, kwa ushahidi wa waliookolewa, yaliyotendeka katika reli ile, ambamo walikufa wafungwa zaidi ya 12,000 na vibarua wa Asia kwa makumi ya maelfu. Sijui kitanda kingine cha makumbusho chenye dai kubwa kama hilo.

Basi malazi yaonyeshwe vipi? Wako wasemao kuwa vitanda visafishwe, vitandikwe, viachwe vitupu, na mgeni aambiwe habari kwa maneno. Wako wengine wapendao masanamu ya watu waliovikwa nguo za mabaharia, mmoja amelala, mmoja anaandika barua. Katika jambo hili niko pamoja na wa kwanza bila shaka yoyote. Sanamu lililolala hulala siku zote. Halimpishi mwenzake akitoka zamu, wala halitoki kitandani kumpa mgeni. Kitanda kitupu humwacha mgeni apime kwa mwili wake mwenyewe. Akijaribu kuinama apenye kati ya kitanda cha pili na cha tatu amejifunza jambo ambalo ubao wa maelezo usingeweza kumfundisha.

Lakini wema wa malazi yaliyotengenezwa vizuri una hatari yake. Meko ya Pampanito yapendeza. Sahani zimepangwa, sufuria zapendeza, na wageni hukaa hapo kuliko penginepo, kwa sababu kila mtu ajua jikoni ni nini. Kidogo kidogo nyambizi hugeuka nyumba ndogo ya watu wachangamfu, wenye mikate ya moto na michezo ya karata, na mtu hutoka akiwa na tabasamu. Hayo yalikuwako, sikatai. Lakini Marekani ilipoteza nyambizi 52 katika vita vile, pamoja na watu zaidi ya 3,500, na kila moja ilikuwa na meko yake na sahani zake. Growler, iliyouwinda msafara ule pamoja na Pampanito, haikumaliza mwaka. Mwezi wa Novemba 1944 ilitoweka na watu wake wote. Hata kijiko cha mezani kina historia zaidi ya chakula. Septemba 1942, ndani ya nyambizi Seadragon, baharia mgonjwa wa kidole tumbo alipasuliwa juu ya meza ya kulia ya maofisa na mwuguzi asiye daktari, vijiko vilivyopindwa vikashikilia kidonda kikae wazi, na kichujio cha chai kikatumika kumvutisha dawa ya usingizi. Mgonjwa akapona.

Nisieleweke kuwa nawalaumu wajitoleaji. Wanafanya kazi katika chombo kinachooza mikononi mwao: maji ya chumvi hula chuma kwa nje, pumzi ya maelfu ya wageni hugeuka maji kwenye kuta kwa ndani, na kila baada ya miaka kadhaa hapana budi kukipandisha chelezoni, kama ilivyofanywa mwaka 2016, kwa gharama inayomeza fedha ambazo zingetengeneza vitanda. Wengi wao huja siku ambazo wenzao wanapumzika. Kwa miaka mingi vikundi vya watoto vimelazwa usiku mmoja mmoja katika vitanda vile, na hilo pekee lataka ujasiri kwa mwenye kushona magodoro.

Ombi langu kwao ni dogo. Chumba cha topido cha nyuma, ndicho cha kwanza kuingiwa na mgeni, kina vitanda vilivyotandikwa kwa kiangazi cha 1945. Pembe moja ya chumba hicho ingeweza kuondolewa katika kanuni, ikawekwa kama ilivyokuwa jioni ya tarehe 15 Septemba 1944: blanketi limetandikwa chini kwenye chuma, shati la mtu mwingine, kikombe, na kitambaa cha kulowesha maji. Najua jibu la fundi, kwamba kuchanganya tarehe mbili katika chumba kimoja ni kusema uongo. Lakini chumba hicho kina tayari vibao vya kuonyesha njia na vifaa vya kuzimia moto ambavyo hakuna baharia wa 1945 aliyeviona, na hakuna mgeni aliyedanganyika kwa hivyo.